Kisanduku cha Kijivu

Kama kuna kitu Dokta alijivunia kuliko duka lake, ni simu yake, na wala si kwa uzuri. Ilikuwa kasimu kadogo ka miaka sita, kioo kimepasuka pembeni na kuzibwa kwa selotepu, betri haimalizi siku bila kulilia chaja. Alichojivunia ni jinsi alivyoibana. Fundi simu wa ng'ambo ya barabara alikuwa amemwekea kivinjari chepesi, akamzimia picha zote, akamwambia, "Sasa, mama, bando la wiki utalila mwezi." Na kweli akawa analila mwezi. Juu ya kivinjari kulikuwa na hesabu iliyoonyesha ameokoa kiasi gani tangu siku ile, na Dokta aliwaonyesha wateja hesabu hiyo kama watu wengine wanavyoonyesha picha za harusi.

Hakuwa daktari, na hilo liwekwe wazi mapema. Alikuwa muuza dawa mwenye cheti halali, kimetundikwa ukutani nyuma ya kaunta, lakini mtaa mzima ulimwita Dokta na mwenyewe alishachoka kukanusha. Duka lilikuwa chumba kimoja chenye rafu tatu upande, benchi la wateja, kaunta ya kioo na feni iliyozunguka pale ilipojisikia. Kila kitu kilikuwa mahali pake. Ungeweza kuingia umefumba macho ukanyoosha mkono, ukatoka na dawa ya minyoo.

Milango mitatu mbele yake ilikuwa saluni ya mdogo wake. Mama yao alifariki mdogo akiwa na miaka tisa na Dokta ana kumi na tisa, kwa hiyo huyu aliyeitwa dada alikuwa dada nusu, nusu nyingine mama. Alimlea, akamsomesha ususi, akamnunulia kiti cha kwanza cha saluni. Likitokea jambo lolote, tangu upele hadi uchumba, mdogo mtu alikuwa na msemo mmoja tu: "Dada kasema." Dada akishasema, mjadala umefungwa.

Kitu kimoja tu hawakupatana, nacho ni simu. Mdogo mtu alikuwa na simu kubwa ambayo Dokta aliipa jina la Sinia, na kwenye hiyo Sinia hakuna kilichozimwa: picha zinajifungua zenyewe, video zinacheza bila kuombwa, bando linaingia asubuhi na kufikia mchana limeshazikwa.

"Hiyo simu yako haioni, Dada," angemtania.

"Simu si ya kuona, ni ya kusoma. Wewe shinda unaangalia nyusi za watu, saa nane uje hapa kuniomba nikurushie bando."

"Rahisi inavunja upishi."

"Na wewe na hilo sinia umepika nini?"

"Haya. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Ila za kwako, Dada, zinataka kufumuliwa zisukwe upya."

Wangecheka mpaka mtoto naye acheke bila kujua kinachochekwa. Mtoto huyo ndiye mwenye habari hii. Alikuwa wa mdogo mtu, wa kiume, miaka miwili na kidogo, na kwa kuwa alipewa jina la baba yao, nyumba nzima walimwita Babu. Babu kaangusha uji. Babu hataki kuoga. Babu alikuwa na tabia moja isiyokosa: kila alipopakatwa na Dokta alimkojolea, kana kwamba ameweka miadi. Dokta alikuwa na koti jeupe la kazi na jingine la akiba, na hilo la akiba lilikuwepo kwa ajili ya Babu. "Ameshanigongea muhuri," angesema, akikamua pindo. Hakuwa na mtoto wake mwenyewe, na mapenzi yote aliyokuwa nayo yaliishia kwa huyo.

Sasa tuje kwenye daftari. Mamlaka ya dawa iliagiza kila duka liwe na daftari la matangazo. Kila asubuhi muuzaji aingie kwenye tovuti yao, aangalie kama kuna tangazo jipya, aandike namba yake na tarehe, kisha asaini chini ya maneno "Nimesoma na nimeelewa." Mkaguzi akija, anaanza na daftari. Wauzaji wengine walisaini mwezi mzima kwa mkao mmoja, siku waliyosikia mkaguzi yuko mtaa wa pili. Dokta hakuwa hivyo. Kila asubuhi alifagia, akafuta kioo cha kaunta, akaketi, akaingia kwenye tovuti kweli, akasoma kweli. Huo ndio ukweli unaouma kuliko yote. Angekuwa mzembe, tungepata pa kumshikia.

Matangazo yalikuwa maandishi matupu, na picha zilikuwa za wakubwa. Wakubwa wa mamlaka walipenda kupigwa picha kuliko maharusi: leo wanakata utepe, kesho wanakabidhiana karatasi huku wote wawili wanaangalia kamera. Kwenye simu ya Dokta, pale ambapo pangekuwa na picha, palikuwa na kisanduku cha kijivu kilichoandikwa "Gusa kuonyesha picha." Hakuwahi kukigusa. "Sura ya mkurugenzi naijua," alisema. "Nichome bando nimwone tena, kwani ni mchumba wangu?"

Kisha ikaja ile Jumanne. Huko mamlaka, mtu mmoja ambaye hatutamjua kamwe hakuchapa tangazo kwenye tovuti kama ilivyozoeleka. Labda alikuwa na haraka, labda aliambiwa barua isiyo na muhuri si barua. Aliandika barua, akaipeleka ikasainiwa, ikagongwa muhuri, akaipiga picha na kuibandika hiyo picha kama ilivyo. Juu yake aliandika kichwa, chini yake akaandika mstari mmoja wa kuagia, akaenda zake kunywa chai. Kwenye simu kubwa zote barua ilijifungua yenyewe. Dokta aliona hivi: "Tangazo Namba 41 kwa Wauzaji Wote wa Dawa." Kisanduku cha kijivu. "Wote mnatakiwa kuzingatia. Asanteni."

Alisoma mistari ile miwili mara mbili. Alisukuma ukurasa juu, akasukuma chini, akitafuta mwili wa tangazo. Wiki iliyopita Tangazo Namba 40 lilikuwa limewakumbusha wauzaji kuhuisha leseni kabla ya mwisho wa mwezi, kwa hiyo akajiambia, hawa wanakumbushia leseni, na mkurugenzi kaweka picha yake hapo katikati ili tuogope. Leseni yake alishaihuisha. Akachukua kalamu, akaandika namba 41 na tarehe, akasaini.

Jumatano mdogo mtu aliingia na Babu begani. Usiku alikohoa, mwili wa moto kidogo, lakini macho meupe na anacheza. Dokta akamsikiliza kifua kwa sikio, akamwangalia koo, akampapasa shingo. Mafua tu. Kwenye rafu ya pili kulikuwa na katoni mpya ya dawa ya maji ya watoto, chupa kumi na mbili, imeletwa na msambazaji mwishoni mwa wiki. Ilikuwa na harufu ya pipi, na kwenye lebo alichorwa sungura ameshika kijiko. Babu alimwona yule sungura akamnyooshea mkono, na kabla hawajamzuia ameshambusu.

"Kijiko kimoja asubuhi, mchana na jioni," Dokta alisema. "Siku tano. Usikatize hata akipata nafuu."

"Sawa, Dada."

Babu akamkojolea. Wakacheka, Dokta akaenda kubadilisha koti.

Alhamisi mchana simu ya Dokta iliita. Mdogo wake alikuwa saluni, nyuma yake mlio wa mashine ya kukaushia nywele.

"Dada, kuna picha imeingia kwenye kundi la wateja wangu. Chupa ya dawa, ina sungura. Wameichora alama ya X nyekundu. Eti ni sumu."

Moyo wa Dokta ulishtuka, tumwandikie haki yake. Hakumdharau. Alisema, "Kata, niangalie kwa wenyewe," akaingia kwenye tovuti ya mamlaka. Kulikuwa na Tangazo Namba 41 tu, lile lile, kichwa na kuaga. Akarudi Namba 40, akarudi 39, akasoma kila neno. Hapakuwa na neno chupa wala neno mtoto. Akampigia mdogo wake, na sauti yake sasa ilikuwa imetulia, ile sauti ya mtu aliyehakikisha.

"Nimeingia kwa wenyewe, hakuna kitu. La mwisho nimelisoma na nimelisaini juzi. Hizo ni porojo za mitandao, mtu ana bifu na kampuni."

"Mh. Sasa nikutumie hiyo picha uione? Ina maandishi madogo madogo."

"Usinimalizie bando, wewe. Mtoto anaendeleaje?"

"Kachangamka kidogo. Ila anatapika."

"Dawa inamkoroga tumbo, mpe baada ya kula. Endelea na kijiko."

"Haya. Dada kasema."

Na yule mama aliendelea na kijiko. Alhamisi jioni, Ijumaa mara tatu. Jumamosi asubuhi alikuja dukani bila viatu, mtoto amemlalia kifuani, uso wa Babu umevimba. Alimweka mikononi mwa Dokta bila salamu.

"Dada, nepi yake. Shika nepi yake. Tangu jana mchana ni kavu."

Dokta alishika. Alikuwa amempakata kwenye mapaja yake, mahali pale pale pa siku zote, na akabaki anangoja. Alilingoja lile joto la mkojo kwenye koti lake kama mtu anavyongoja mvua, na halikuja.

Hospitali ya wilaya ilikuwa na korido ndefu yenye viti vya plastiki vilivyofungwa pamoja. Mdogo mtu aliingia wodini na mtoto. Daktari, kijana mwenye miwani, alitoka akamwuliza Dokta mtoto amepewa nini nyumbani, na Dokta akatoa chupa kwenye pochi. Daktari aliigeuza, akasoma namba ya toleo iliyopigwa chini ya lebo, akavua miwani.

"Hii ilizuiwa Jumanne," alisema. "Toleo hili lina kemikali inayoua figo. Tangazo lilitoka kwa maduka yote. Nani kamuuzia?"

Dokta alitaja duka lake kama vile analitaja la mtu mwingine. Daktari alirudi ndani mbio.

Aliketi kwenye kiti cha plastiki, akatoa simu, akaingia kwenye tovuti. Tangazo Namba 41. Alikitazama kile kisanduku cha kijivu muda mrefu, maana alishajua, na alitaka kubaki kidogo upande huu wa kujua. Kisha akagusa. Picha ilijichora kutoka juu kwenda chini, taratibu, mstari kwa mstari: nembo ya mamlaka, muhuri, saini, tarehe ya Jumanne, na katikati ya karatasi yule sungura na kijiko chake. Namba ya toleo ilikuwa imepigiwa mstari. "Simamisheni kuuza mara moja. Waliouziwa wafuatwe." Ilipomaliza kujichora alitazama hesabu ya bando pale juu, kwa mazoea tu. Picha ilikuwa ndogo kiasi kwamba hesabu haikutikisika.

Kwenye katoni alikuwa ameuza chupa nne. Alitoka hospitali akazifuata tatu nyumba kwa nyumba, akigonga milango kwa viganja vyote viwili. Mbili hazikuwa zimefunguliwa. Ya tatu ilinywewa vijiko viwili, na mtoto yule alipelekwa hospitali akapona. Watu walimshukuru. Mama mmoja alimshika mikono akamwombea maisha marefu, naye akasimama pale akipokea dua kama mwizi.

Babu alifariki Jumanne saa nne asubuhi, wiki moja kamili baada ya ile saini. Figo zilikuwa zimekwisha. Dokta alimwosha yeye na mdogo wake, na wakati wote wa kumwosha alijua jambo ambalo mwenzake halijui, na hakulisema. Alijiambia atalisema baada ya mazishi. Baada ya mazishi akajiambia watu waondoke kwanza. Msiba ulijaa watu, na mdogo wake alisimulia kila aliyekuja kuhani: "Tuliuliza jamani. Dada yangu aliingia kwenye tovuti yao, akaangalia, hawakuwa wameandika kitu. Wametuulia mtoto kwa uvivu wao." Watu walitikisa vichwa wakailaani mamlaka, na Dokta aliyesikia hayo akainama, wakadhani ni uchungu. Ulikuwa uchungu, lakini ndani yake kulikuwa na nafuu, na hiyo nafuu ndiyo iliyomtia kinyaa.

Siku ya nne baada ya mazishi mkaguzi alikuja dukani. Alikuwa mzee wa makamo mwenye mkoba wa ngozi uliochakaa, hakufoka, aliuliza kama anaweza kukaa. Mdogo mtu alikuwa pale kwenye benchi, kwa sababu nyumbani palikuwa na viatu vya mtoto mlangoni na hakuna aliyethubutu kuviondoa. Mkaguzi aliomba daftari. Alilifungua, akapitisha kidole, kikasimama.

"Namba 41. Umesaini Jumanne kwamba umesoma na umeelewa. Jumatano umeuza." Aliinua macho. "Mama, nisaidie. Aliyesaini bila kusoma nina kifungu chake, anafungiwa duka. Aliyesoma, akaelewa, akauza, kifungu chake ni cha jela. Nikuandike wapi?"

Kabla Dokta hajafungua mdomo mdogo wake alishasimama.

"Usimwandike popote! Halikuwepo hilo tangazo. Mimi mwenyewe nilimpigia Alhamisi, nikamwambia kuna picha inazunguka. Akaingia akaangalia, akanipigia. Huyu kanilea mimi. Huyu angeona kitu kama kile akaniambia nimpe mtoto wangu? Mliliweka baadaye, mkarudisha tarehe nyuma. Tunawajua ninyi."

Mkaguzi alikuna kidevu.

"Hilo la kurudisha tarehe," alisema taratibu, "sitaapa kwamba halijawahi kutokea kwetu. Kama upo tayari kutoa ushahidi, kesi inageuka. Inakuwa yetu, si ya dada yako."

"Nitatoa. Nitaapa mbele ya hakimu. Leteni kitabu chochote, nitakishika."

Mlango ulikuwa wazi, basi. Dokta hakuhitaji kusema uongo hata mmoja, alihitaji kukaa kimya tu, kama alivyokaa siku zote zile. Duka lingebaki, mdogo wake angebaki. Angekuja kila siku kukaa kwenye benchi lile, na siku moja huenda angecheka tena. Dokta alimtazama alivyosimama pale, nywele zake mwenyewe hazijachanwa wiki nzima, mkono umeshainuka kidogo kana kwamba hakimu yuko chumbani. Anakwenda kuapia maneno ya dada yake, na maneno yenyewe ni hewa.

"Kaa," alisema.

"Sikai, Dada. Hawa wamezoea kuonea watu."

"Kaa, mdogo wangu. Kaa, nakuomba."

Hakuwahi kumwomba kitu maishani, alizoea kumwambia. Mdogo mtu akakaa. Dokta akatoa simu kwenye mfuko wa koti, ile yenye selotepu, akaingia kwenye tovuti ya mamlaka, akafungua Namba 41. Alikuwa amezizima picha tena, kwa makusudi, ili aonyeshe kile alichokiona yeye na si kingine. Akazunguka kaunta, akapiga magoti sakafuni mbele ya benchi, akaiweka simu kwenye viganja vya mdogo wake.

"Hiki ndicho nilichokisoma Jumanne. Ndicho nilichokisoma na Alhamisi uliponipigia."

Mdogo mtu alisoma kichwa. Akasoma mstari wa chini. Uso wake haukuonyesha kitu.

"Mbona hakuna maneno? Si nimesema? Hawakuandika."

"Gusa hapo katikati. Kwenye kijivu."

Akagusa. Mtandao siku hiyo ulikuwa wa kujikokota. Ilikuja nembo, ukaja muhuri, ikaja tarehe, na Dokta alikuwa akitazama vidole vya mdogo wake, maana usoni hakuweza. Vidole vilitulia kabisa mpaka zilipotokea ncha za masikio ya sungura. Hapo vikaibana simu. Picha ilishuka mpaka mwisho, na mdogo mtu akaisoma yote, midomo ikicheza, hadi pale paliposema waliouziwa wafuatwe.

"Ilikuwa humu," alisema.

"Ilikuwa humu."

"Na mimi nilikwambia nikutumie picha."

"Uliniambia."

"Ukanijibu nini?"

Feni iligeuka mara moja ikasimama. Mkaguzi alikuwa ameshika kalamu juu ya karatasi na haandiki.

"Nilisema usinimalizie bando."

Mdogo wake aliiweka simu kwenye benchi, polepole, kioo kikiangalia juu, akasimama akampita pale alipopiga magoti. Mlangoni aligeuka, lakini alimwangalia mkaguzi, si dada yake.

"Andika, baba," alimwambia. "Andika hivyo hivyo, kama alivyosema."